Unamchorea Nani?

Unajua! Usiniambie hujui, wewe uliyeajiriwa na asasi ya vijana ukapewa kompyuta, meza na cheo cha mbunifu. Unajua bango lile halisomeki. Unajua ripoti ile hakuna kijana hata mmoja atakayeifungua. Unajua picha ile ya binti haikupaswa kutoka kwenye kamera. Ulijua jana, ulijua mwezi uliopita, ulijua saa ile ile ulipotuma faili. Na bado ulituma!

Nakuandikia wewe. Mkurugenzi wako, mfadhili wenu, afisa miradi anayekupigia saa nne usiku akitaka nembo isogee kushoto, hao nao wana ya kujibu, nao wataambiwa siku yao. Leo ni zamu yako. Mkono unaochora ni wako. Jicho lililoliona kosa kabla ya mtu mwingine yeyote ni lako. Na kinywa kilichonyamaza ni chako!

Njoo tutazame bango moja. Tulitazame polepole, maana karibu yote ninayotaka kukuambia yamo humo.

Limebandikwa kwenye ukuta wa zahanati, Dar es Salaam, karibu na dirisha la dawa. Ndugu zake wapo Mwanza, wapo Mombasa, wapo Kampala. Linahusu ukatili dhidi ya watoto. Juu kabisa kuna safu ya nembo: ya serikali, ya ubalozi, ya shirika la kimataifa, ya asasi, na ya mradi wenyewe, maana siku hizi hata mradi wa miezi kumi na minane unachorewa nembo yake. Chini ya nembo kuna jina la mradi, refu, lenye vifupisho viwili. Katikati kuna mtoto ameinamisha kichwa. Pembeni yake kuna aya nne, herufi nyembamba za kijivu juu ya rangi ya chungwa. Na kwenye kona ya chini, kulia, pale mkanda wa kubandikia ulipopita, kuna tarakimu tatu. 116.

Tarakimu tatu! Namba ya huduma ya simu kwa mtoto, ya bure, hiyo hiyo Tanzania, hiyo hiyo Kenya, hiyo hiyo Uganda. Mtoto wa darasa la pili ataikariri kwa kuiona mara moja. Hahitaji salio. Hahitaji kumaliza aya nne. Hahitaji kujua mradi unaitwaje wala umefadhiliwa na nani. Anahitaji tarakimu tatu, kubwa, nyeusi, mahali ambapo jicho lake litagonga kwanza. Nawe umeziacha zifunikwe na mkanda!

Nani amepewa juu? Anayelipa. Nani amepewa katikati? Huzuni. Nani amesukumwa kwenye kona? Msaada wenyewe, ule ule ambao bango zima lilichapwa kwa ajili yake!

Najua hukukusudia ubaya. Najua mkataba wako ni wa miezi sita, umeme unakatika, posho inachelewa, na rasimu inarudishwa mara ya nane kwa sababu mtu amegundua bluu si ile bluu yao. Yote hayo nayajua. Lakini sema kweli: katika rasimu zote nane, ni ipi iliyorudishwa kwa sababu kijana hakuielewa?

Hapa ndipo ugonjwa ulipo, nisikilize. Mfadhili ana kitabu. Kila shirika kubwa linalotoa fedha lina mwongozo wa nembo yake: rangi hii tu, upana usipungue hapa, nafasi wazi kuizunguka iwe kiasi hiki, isipindishwe, isifunikwe, isiwekwe chini ya nyingine. Kurasa kwa kurasa! Ukikosea, barua pepe inakufikia kabla ya chai ya saa nne.

Kijana wa Manzese ana kitabu gani? Nani ameandika kwamba namba ya msaada isipungue upana huu? Nani ameandika kwamba sentensi inayomhusu isipindishwe, isifunikwe, isiwekwe chini ya nyingine? Hakuna! Kwa hiyo nafasi inapobana, anayesogezwa ni yeye. Karatasi inapojaa, anayepunguzwa ni yeye. Muda unapokwisha, anayesahauliwa ni yeye.

Katika chumba chote kile cha mkutano, chenye maji ya chupa na projekta, mtu pekee anayeweza kumshikia kijana nafasi yake ni wewe. Wewe ndiye kitabu chake. Fungua mdomo!

Waliotutangulia katika kazi hii hawakupata nafasi ya kukosea kimya kimya. Mtazame mchoraji wa kanga. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo kanga zake zilijulikana pwani nzima kwa maneno "Mali ya Abdulla", lilianza Mombasa mwaka 1887. Pindo, mji, jina: mwanamke anavikagua vyote vitatu kabla hajafungua pochi. Jina likiwa baridi, kanga inabaki rafuni. Rangi ikichuja, mwenye duka anaambiwa mbele ya wateja wengine. Msomaji ndiye mnunuzi, mnunuzi ndiye hakimu, na hukumu hutoka siku hiyo hiyo!

Kwako wewe, msomaji na mlipaji ni watu wawili ambao hawajawahi kuonana. Mlipaji akipenda, unasifiwa. Msomaji asipoelewa, hakuna anayejua. Bango linakaa ukutani mpaka lipauke, na ripoti inaandika kwamba mabango elfu moja yamesambazwa. Yamesambazwa! Nani ameuliza kama yamesomwa?

Ndiyo maana nakuambia hatari yako ni kubwa kuliko ya mchoraji wa kanga, kuliko ya mchora matatu wa Nairobi, kuliko ya kijana anayeandika majina ya saluni kwa brashi Kariakoo. Hao wakipotea wanarudishwa na soko. Wewe ukipotea, unapongezwa! Unaweza kupotea miaka kumi, ukapandishwa cheo, ukaalikwa kutoa mada, na hakuna kijana hata mmoja aliyewahi kusimama mbele ya kazi yako akasema: hii ni yangu.

Sasa nakuja kwenye picha, na hapa sitapunguza sauti.

Binti wa miaka kumi na mitano, mtoto mgongoni, macho chini. Ulimpiga picha siku ya ziara. Mama yake alitia dole gumba kwenye fomu ya idhini iliyoandikwa kwa Kiingereza, amesimama kando ya gari la mradi, siku ya kugawa unga. Niambie, mama gani angekataa siku ile? Ukauweka uso wa mwanawe kwenye jalada. Ukauweka barabarani. Ukauweka mtandaoni, na chini yake ukaandika neno ambalo usingeruhusu liandikwe chini ya picha ya dada yako!

Binti yule atakuwa na miaka ishirini na mitano. Ataomba kazi, ataposwa, atampeleka mwanawe shule, na mahali fulani kwenye simu ya mtu atakuwa bado ana miaka kumi na mitano, macho chini, maneno yako chini yake. Mradi umeshafungwa. Mfadhili ameshahama nchi. Wewe umeshahamia asasi nyingine. Yeye atahamia wapi na uso ni ule ule?

Usiseme sheria hakuna. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya mwaka 2019, na kifungu cha 33 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla hujagusa taarifa za mtoto. Tena hakiishii hapo, kinataka matumizi yenyewe yalinde haki na maslahi ya mtoto. Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila wazazi kukubali.

Lakini sikuhubirii faini! Faini hulipwa ikaisha. Nakuhubiria mtu.

Kumbuka picha ile ya Sudan ya mwaka 1993: mtoto ameanguka chini kwa njaa, tumbusi amesimama nyuma yake. Kevin Carter aliipiga, ikazunguka dunia, mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer. Miaka na miaka watu walisema ni msichana. Mwaka 2011 gazeti moja la Hispania likaifikia familia yake kijijini, baba akasema: yule alikuwa mvulana! Mamilioni walikuwa wamelia juu ya mtoto yule, na hawakujua hata kama ni wa kiume au wa kike. Huko ndiko picha isiyouliza jina inakofika. Nawe uko njiani kwenda huko, na mwendo wako ni wa kasi!

Na kuna habari njema ulizozizika kwa mikono yako.

Novemba 2021 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika shule za mfumo rasmi. Mlango uliokuwa umefungwa miaka mingi ukafunguliwa! Wangapi walikuwa nyumbani wanapepeta mchele wa watu, wanauza karanga stendi, wanalea, hawajui kwamba mlango uko wazi? Ilikuwa kazi ya nani kuwaonyesha?

Nimeliona bango lililotengenezwa kutangaza habari hiyo. Msichana amekaa gizani, ameshika tumbo, kivuli chake ukutani. Kichwa cha bango kinazungumzia janga. Habari ya kurudi shule iko aya ya tatu, baada ya takwimu. Binti aliyepita pale na beseni kichwani aliona nini? Aliona aibu yake imechapwa kwa rangi nne! Akageuza uso, akaongeza mwendo, na mlango ukabaki wazi bila mtu wa kuingia.

Alihitaji kuona sare. Alihitaji kuona dawati, na mwenzake amekaa, na nafasi tupu pembeni. Alihitaji maneno mawili yanayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara: RUDI SHULE. Kisha nani wa kumwona, siku gani, abebe karatasi gani. Basi! Ungeweza kuichora jioni moja. Uliwezaje kuichora aibu badala yake?

Nakuuliza kwa sababu najua kipaji unacho. Hilo ndilo linaloniuma. Mtu asiyejua kupanga herufi namsamehe. Wewe unajua! Unajua jicho linaanzia wapi, unajua rangi ipi inaita na ipi inafukuza, unajua nafasi tupu ina nguvu gani. Mwaka 1964, London, Ken Garland na wabunifu wenzake zaidi ya ishirini walitoa tamko wakilalamika kwamba vipaji vya watu wa fani yao vinamalizwa kwenye matangazo ya chakula cha paka, sabuni na dawa ya meno yenye mistari, wakati kuna kazi za maana zinasubiri. Waliitamani kazi yenye maana! Wewe umeshapewa. Umeiketia!

Usiniambie haiwezekani. Imeshafanyika, na imefanyika hapa hapa kwetu.

Nairobi, mwaka 2010, ilianza Shujaaz, hadithi za michoro kwa Sheng, lugha ile ile ambayo walimu waliikemea darasani. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana asiye na ajira anayerusha matangazo ya redio ya siri kutoka chumbani kwake. Ilitoka ndani ya gazeti, ikatoka kwenye vibanda vya M-Pesa, pale pale vijana wanaposimama foleni. Mwaka 2012 ikachukua tuzo ya kimataifa ya Emmy. Ona mpangilio: kijana kwanza, tuzo baadaye!

Dar es Salaam, tangu 1999, asasi ya Femina imekuwa ikiandika kwa Kiswahili na kuwafikia wanafunzi wa sekondari mpaka wilaya ambazo gari la mradi hufika mara moja kwa mwaka. Ikaja na Si Mchezo!, jarida lililosimulia kwa hadithi za picha ili na kijana wa kijijini asiachwe nje. Kibera, mapema mwaka 2008, nchi inawaka baada ya uchaguzi, msanii Solomon Muyundo, wanayemwita Solo 7, alishika brashi akaandika maneno ya amani kwenye kuta, kwenye milango, kwenye mabati. Hakungoja hali itulie kwanza!

Na Mathare! Hii ishike usiiachie. Mwaka 1997 vijana wapatao 30 wa MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, walipewa kamera za plastiki za bei ya chini. Mpiga picha Lana Wong na Francis Kimanzi waliwaongoza. Wakaambiwa: pigeni picha maisha yenu. Waliokuwa wakipigwa picha wakawa wapigaji! Mwaka 1999 kazi yao ikatoka kitabu, Shootback. Kamera za plastiki, ndugu yangu. Wewe una ya lenzi mbili kwenye begi, na hujawahi kumpa mtoto yeyote wa mtaa ule aishike kwa dakika kumi!

Nazisikia sababu zako. Unasema: mfadhili hatakubali. Ulimuuliza? Uliwahi kumpelekea rasimu mbili, moja ya nembo na moja ya kijana, ukamweleza kwa sentensi tatu kwa nini ya pili itasomwa? Wengi wao hawajawahi kupewa hiyo ya pili waichague. Umemkatalia wewe kwa niaba yake, kabla hajafungua barua!

Unasema: muda hakuna. Muda ulikuwepo wa rasimu nane za bluu.

Unasema: nitarekebisha toleo lijalo. Hilo ndilo neno la hatari kuliko yote, kwa sababu lina heshima, lina nia njema, na halina tarehe. Toleo lijalo lilikuja mwaka jana, ukasema lijalo. Likaja mwaka huu, unasema lijalo. Aliyekuwa na miaka kumi na minne ulipoanza kazi sasa ana kitambulisho cha taifa! Ujana wake umepita mbele ya mabango yako, na hakuna hata moja lililozungumza naye.

Na jicho huzoea. Mara ya kwanza ulipoweka uso wa mtoto chini ya neno baya, kitu kilikuchoma. Ulikaa kidogo na kipanya mkononi kabla hujabonyeza. Mara ya pili ulibonyeza haraka. Mara ya tatu hukuona chochote. Siku utakapoacha kuona kabisa hutajua kwamba umeacha kuona. Bado unaona leo, vinginevyo usingekuwa umesoma mpaka hapa ukikunja uso. Basi geuka leo!

Inuka! Chapa nakala moja. Karatasi ya A4, mashine ya ofisi, wino mweusi unatosha. Toka nje. Nenda kijiweni, nenda saluni, nenda wanapooshea bodaboda. Wakubwa wape shikamoo yao, wa rika lako wape salamu zao, kaa kwanza. Usiingie na kishikwambi na orodha ya maswali. Tafiti wameshafanyiwa mpaka wamechoka.

Kisha ibandike ukutani. Rudi nyuma hatua sita. Muulize aliyekaa karibu: hapa pamesemwa nini? Halafu nyamaza!

Nyamaza kweli kweli. Usimweleze, usimsaidie, usimnyooshee kidole pa kutazama, maana hutakuwepo kumnyooshea kidole siku bango litakapokuwa peke yake ukutani. Akisema sijui, hilo ndilo jibu. Akisema ni tangazo la mganga, hilo ndilo jibu. Akicheka kwa sababu kijana uliyemchora amevaa viatu ambavyo hakuna mtu wa pale anavivaa, hilo nalo ni jibu, na ni la thamani kuliko warsha ya siku tatu. Andika, shukuru, rudi ukafute.

Itume kwenye simu. Isiwe simu yako! Tafuta ile yenye kioo kilichopasuka, mwanga umepunguzwa ili chaji ifike jioni, bando la siku limebaki kidogo. Ripoti yako ya megabaiti arobaini itafunguka pale? Herufi zako za kijivu zitaonekana jua la saa saba likiwa juu ya kioo? Miongozo ya kimataifa ya kurasa za intaneti inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Kipimo kipo, ni cha bure, kinachukua sekunde chache. Pima! Ukikuta 2 kwa 1, usijitetee kwa kusema ni mtindo.

Anza kuandika kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote ambayo mtaa unaisema. Tangu karatasi ya kwanza! Usingoje maneno yapitishwe kwa Kiingereza kisha yageuzwe usiku wa mwisho na mtu aliyechoka. Sentensi iliyozaliwa kijiweni hujulikana, na sentensi iliyotoka kwenye andiko la mradi nayo hujulikana.

Na kiti chako, simama umpishe mtu! Yupo kijana pale anayechora kwenye daftari la hesabu, kwenye ukuta wa choo cha shule, kwenye simu yenye nafasi iliyojaa. Inkscape ni ya bure. GIMP ni ya bure. Saa mbili za Jumamosi ni za bure, na kompyuta ya asasi hailali njaa ikitumiwa Jumamosi. Mfundishe kupanga herufi. Mpe kazi ya kweli, si ya kujifurahisha. Mpe bango litakalotoka, na jina lake liandikwe humo, na alipwe. Wengi mnasita hapo kwenye malipo! Asasi inalipa ukumbi, inalipa chai, inalipa nauli za wageni, halafu kijana anaambiwa ajitolee kwa sababu ni mtaa wake.

Utapoteza kitu, sitakuficha. Kuna mkutano utakuwa mgumu. Kuna mtu atasema umekuwa mkaidi. Huenda mkataba usiongezwe. Mimi nasema upoteze! Mbunifu aliyefukuzwa kwa kukataa kuuza uso wa mtoto ana kazi ya kuonyesha popote atakapokwenda. Mbunifu aliyebaki kwa kuuuza ana jalada zuri tu.

Chagua! Nembo au namba. Machozi au mlango. Kumaliza faili au kumfikia mtu. Umeshajua lipi ni lipi, umelijua tangu aya ya kwanza, na kila saa unayoendelea kupima ni saa ambayo faili lile liko foleni.

Maana najua liko foleni. Ripoti ya mwaka inaingia kiwandani kesho asubuhi, na binti yuko kwenye jalada. Sasa hivi mabamba ya kuchapia hayajatengenezwa. Kubadilisha ni kufungua faili na kukesha usiku mmoja. Yakishatengenezwa, kubadilisha ni fedha, na utaambiwa fedha hakuna. Ikishachapwa, ni nakala elfu mbili zenye uso wa mtoto wa mtu, zimefungwa kwenye maboksi, na hakuna atakayekubali zichomwe.

Chukua simu. Mpigie mchapaji. Mwambie asimamishe. Atanung'unika, mwache anung'unike, mashine yake ina kazi nyingine za kuchapa. Ukimaliza, mpigie mama wa yule binti. Mweleze kwa Kiswahili picha iko wapi, itakwenda wapi, itakaa muda gani, na kwamba unga ule aliopewa hauna deni lolote. Muulize yeye, kisha muulize binti mwenyewe. Wakisema iondolewe, iondoe wakiwa bado kwenye simu.